Nilivyoshuka ngazi za prednisoloni

Ilianza na soksi. Nikizivua jioni zinaacha mfereji juu ya kifundo, na asubuhi macho yamevimba kama ya mtu aliyelia usiku kucha. Halafu mkojo ukaanza kutoa povu, tena povu lisiloondoka hata ukimwaga maji. Vipimo vikaonyesha figo zangu zinavujisha protini. Nikachukuliwa kijinyama kidogo cha figo kwa sindano, na majibu yalipotoka nikaandikiwa prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, miligramu 60 kwa siku.

Vidonge vyangu vilikuwa vya miligramu 5. Kumi na viwili kila asubuhi, baada ya kula. Nilivihesabia kwenye kifuniko cha chupa na kuvimeza mbiombio, maana kikikwama ulimini ni shubiri tupu.

Kabla ya kidonge cha kwanza daktari alinipima kifua kikuu, homa ya ini aina ya B, sukari na presha, kisha akanipa na dawa ya minyoo. Nilimwona ananizungusha. Kumbe dawa hii hulaza kinga ya mwili, na ndivyo inavyoziponya figo zinazoshambuliwa na kinga yenyewe. Lakini kinga ikilala, kifua kikuu kilichojificha huamka, na kuna mnyoo fulani, strongiloide, anayeweza kukaa kimya tumboni miaka mingi halafu akasambaa mwili mzima na kuua.

Kingine alichonieleza sikukitilia maanani hadi kiliponiangusha. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo zinazotengeneza homoni ya kotisoli, nyingi zaidi alfajiri na asubuhi, ndiyo sababu vidonge vyangu vilikuwa vya asubuhi. Prednisoloni ni ndugu yake wa kiwandani, mwenye nguvu kama mara nne. Mahitaji ya kawaida ya mwili kwa siku ni kama miligramu 5 za prednisoloni. Mimi nilikuwa nameza mara kumi na mbili ya hapo. "Tezi zako zitaona kazi imefanywa na mwingine, zitalala," alisema. "Usije ukaiacha ghafla, dada yangu. Hata ukijisikia mzima."

Wiki ya tano povu likakatika. Miguu ikarudi miguu, nikaona mifupa ya vidole ambayo sikuwa nimeiona kwa miezi. Kwa hilo siwezi kuitukana dawa hii, hata nikikumbuka mengine.

Na mengine yalikuwepo. Saa nane usiku niko macho, napanga upya kabati lililokwisha kupangwa. Njaa haikuwa ya kawaida. Nimetoka mezani sasa hivi na tayari nawaza nitakula nini. Hasira za bure, mdogo wangu akaniambia, "Dada, leo tunaongea na wewe au na vidonge?" Sukari ilipanda kidogo, nikapunguza vitamu. Kwa ajili ya mifupa nikapewa kalisiamu na vitamini D.

Kilichoniuma hasa ni uso. Ulijaa, ukawa duara, mashavu yakasukuma macho juu. Mikono inakonda, uso unanenepa. Watu wakanipongeza! "Umenawiri." Jirani mmoja akanivuta pembeni aniulize natumia kidonge gani, naye anakitaka. Nilimwambia ni dawa ya figo, akacheka, akadhani namnyima. Najua wapo wanaomeza deksamethasoni, steroidi nyingine, ili wanenepe, na hiyo ni kali kuliko yangu: miligramu 0.75 zake zinafanya kazi ya miligramu 5 za prednisoloni. Wanaimeza bila kupimwa chochote, wakiishiwa wanaacha siku hiyohiyo. Nisingemlaumu sana, kwa sababu mwezi uliofuata nami nilifanya ujinga wa aina hiyo.

Nilikuwa nimeshushwa hadi miligramu 20. Mkojo safi, presha nzuri. Nikajitazama kwenye picha ya harusi ya ndugu, sikujitambua, nikaamua basi. Sikumwambia mtu. Siku ya kwanza hakuna kitu. Ya pili uchovu, viungo vyote vinauma kama mafua yanakuja. Ya tatu chakula kikanikataa, mimi niliyekuwa nakula kama shimo. Ya nne asubuhi niliinuka kitandani, ukuta ukazunguka, nikajikuta nimekaa sakafuni, jasho la baridi linatoka na mdogo wangu anapiga kelele. Presha ilikuwa chini kabisa. Walinitundikia dripu na kunichoma haidrokotisoni, yaani kotisoli ya kiwandani, na ndani ya saa chache nikaanza kuongea kama mtu.

Daktari hakunifokea. Alichukua karatasi akanichorea ngazi, akaandika tarehe kwa kila kipandio. Nikaibandika ndani ya mlango wa kabati. Mwanzoni tulishuka miligramu 5 kila baada ya wiki mbili. Kuanzia 10 kwenda chini tukapunguza kwa miligramu 1, mwezi mzima kila kipandio, na hapo ndipo pagumu kwa sababu tezi zinatakiwa ziamke zenyewe. Viungo viliuma siku tatu nne kila niliposhuka, kisha vinatulia. Hizo ni ngazi zangu. Mwenye pumu aliyepewa siku tano tu kwa kawaida huacha bila ngazi yoyote, na mwingine huhitaji taratibu kuliko mimi.

Maumivu hayo nusura yaniponze tena. Niliomba diklofenaki dukani, mfamasia akauliza natumia dawa gani nyingine. Nilipomtajia, akairudisha kwenye rafu: hizo mbili pamoja zinaweza kutoboa tumbo, na figo zangu nazo hazikuihitaji. Akanipa parasetamo.

Nilijifunza pia kwamba siku ya homa mwili unataka kotisoli zaidi, kwa hiyo dozi huongezwa kwa maelekezo ya daktari, na nikitapika vidonge nisisubiri kesho, niende nikachomwe sindano. Chanjo zenye virusi hai nilikatazwa wakati wa dozi kubwa.

Tulipofika miligramu 3 nilitolewa damu saa mbili asubuhi, kabla ya kumeza, kupima kotisoli yangu mwenyewe. Ilikuwa chini. Tukabaki hapohapo wiki sita, tukapima tena, ikapanda. Kidonge cha mwisho nilikimeza siku ya Jumanne, bila sherehe.

Kadi inayosema nimetumia steroidi bado iko kwenye pochi, kwa kuwa tezi zinaweza kuzembea hata mwaka mmoja baada ya dawa kuisha. Juzi nilikwenda kung'olewa jino. Nikaitoa kabla sijapanua mdomo, daktari wa meno akaisoma pande zote mbili, akaiweka mezani, akapiga simu kwanza.