Siku moja kazini Kisumu: seva ilipotoka na anwani isiyotarajiwa

Saa moja asubuhi. Matatu ya Mamboleo imekwama Kondele, na mhasibu wa sacco tunayoihudumia ameshanipigia. "Kijana wangu, malipo hayatoki tangu usiku. Wanachama wananisumbua." Namuuliza kama tovuti yao inafunguka. Inafunguka. Basi kinachoingia kinaingia. Shida iko kwa kinachotoka.

Saa mbili, ofisini. Usiku tuliwahamishia kwenye seva mpya yenye anwani mbili za umma za IP (namba zinazoitambulisha kwenye mtandao), tuseme 203.0.113.10 na 203.0.113.20. Kampuni ya malipo inaitambua .20 pekee, ombi likitoka kwingine linakataliwa. Naandika `ip route get`, amri inayoonyesha data itapita njia gani na itatoka na anwani ipi, pamoja na anwani ya kampuni hiyo. Jibu: src (anwani ya kutokea) 203.0.113.10.

Saa tatu. Mwanafunzi wa Maseno aliye kwetu kwa mafunzo anabisha: "Lakini .20 inafanya kazi, boss. Nimeifungua kwa simu." Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Mtu akiunganika na seva kupitia .20, majibu hurudi kwa .20 hiyo hiyo. Seva ikianzisha mawasiliano yenyewe, na programu haikutaja anwani, Linux, mfumo unaoendesha seva, hutazama njia itakayotumika. Njia ikiwa na src, hiyo ndiyo hutumika. Ikikosa, kwa kawaida huchukuliwa anwani kuu ya intafesi (kiungo cha seva na mtandao), yaani iliyotangulia kuwekwa. Kwenye seva ya zamani ilitangulia .20, kwenye mpya, .10.

Saa nne. Najaribu kwanza kwa `curl --interface 203.0.113.20`, yaani kutuma ombi nikilazimisha litoke kwa .20. Inapita. Mwanafunzi anataka tutumie SNAT ya iptables, kanuni ya Linux ya kubadilisha anwani ya kutokea. Ingefanya kazi, ila siipendi hapa: hubadilisha anwani pakiti ya data ikiwa mlangoni kutoka, kwa hiyo ukikagua miunganisho kwa amri ya `ss` bado unaona .10, na atakayekuja baada yako atahangaika. Kubadilisha njia kuu nako hapana, maana barua pepe hutoka kwa .10, ambayo ndiyo iliyo kwenye rekodi ya SPF, orodha ya anwani zinazoruhusiwa kutuma barua zao. Tunaongeza njia ya kampuni ya malipo peke yake, yenye `src 203.0.113.20`, kisha tunawasha upya huduma ya malipo, kwa sababu miunganisho iliyokwisha kufunguka hubaki na anwani ya zamani. Malipo yanaanza kutoka.

Saa saba. Ugali na omena, Kibuye. Mwanafunzi analipa soda.

Saa tisa. Amri ya `ip route` hufutika seva ikizimwa, kwa hiyo naiandika njia ile kwenye faili la netplan, linalotunza mipangilio ya mtandao ya seva. Huko src huitwa `from`. Sijaiamini bado. Mhasibu hataki kusikia habari ya kuzima chochote kabla sacco haijafunga.

Saa kumi na mbili jioni anaruhusu. Naizima na kuiwasha seva, nauliza tena `ip route get`: .20. Namtumia ujumbe. Anajibu mara moja: "Asante. Sasa ile ripoti ya mikopo niliyokuomba?"