Siku niliyotandika farasi Fort Concho

Jirani yangu wa Abilene, Texas, alikuwa mzee aliyestaafu jeshi la anga la Marekani, fundi wa ndege. Kila mwaka baridi ikishakwisha alikuwa anaanika sare za sufu kwenye kamba nyuma ya nyumba yake: koti la buluu iliyokoza, suruali ya buluu hafifu yenye mstari wa njano pembeni, na kwenye mikono ya koti tepe tatu za njano zenye alama ya almasi juu yake. Siku nilipomuuliza alinikaribisha ndani ya uzio, akanipa kiti, na hatukuachana mpaka giza likaingia.

Sare ile ni ya sajini wa kwanza wa Rejimenti ya 10 ya Wapanda Farasi. Rejimenti hiyo iliundwa mwaka 1866 huko Fort Leavenworth, Kansas, mwaka mmoja tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha. Askari wake wote walikuwa Weusi, wengi wamezaliwa utumwani, na maofisa wao Weupe. Kamanda alikuwa Kanali Benjamin Grierson, mwalimu wa muziki ambaye utotoni alipigwa teke la uso na farasi na hakuwapenda wanyama hao tangu hapo. Ndiye huyo akapewa rejimenti nzima ya farasi, na akawasimamia watu wake kwa heshima ambayo wenzake wengi hawakuwa nayo. Mshahara wa askari ulikuwa dola 13 kwa mwezi, mkataba miaka mitano. Wao, pamoja na wenzao wa Rejimenti ya 9 na vikosi viwili vya miguu, ndio dunia inaowajua kwa jina la Buffalo Soldiers.

Mzee na wenzake walikuwa na kikundi cha kuigiza maisha ya askari hao. Mmoja alikuwa dereva wa lori, mwingine mwalimu wa hisabati mstaafu, na alikuwepo kijana wa chuo aliyemwigiza Henry Flipper, Mweusi wa kwanza kuhitimu West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani, mwaka 1877. Sare wananunua kwa fedha zao. Farasi wawili watatu ni wao, wengine wanaazima. Niliuliza kwa nini wasifanye maonyesho bila farasi, gharama zipungue. Mzee alinitazama kama nimemwambia aswali bila kutawadha.

"Hawa waliamka kwa ajili ya farasi na wakalala kwa ajili ya farasi," alisema. "Ukimtoa farasi unabaki na watu waliovaa nguo za buluu."

Mwishoni mwa Aprili waliitwa Fort Concho, mjini San Angelo, na mmoja wa watunza farasi wao alikuwa mgonjwa. Mzee akaniuliza kama nimewahi kushughulika na wanyama. Nikamwambia nimekulia Kondoa, punda nawajua. Akasema basi inatosha.

Tuliondoka saa tisa za usiku na trela la farasi nyuma yetu. Fort Concho ni ngome isiyo na ukuta: majengo ya mawe yamezunguka uwanja mpana wa gwaride, nyumba za maofisa upande mmoja na mabweni ya askari upande wa pili. Ilianzishwa 1867 na ikafungwa 1889, na kuanzia 1875 hadi 1882 ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Rejimenti ya 10. Tulipofika, mpiga tarumbeta alikuwa anapasha midomo gizani. Akapiga mwito wa mazizi, na wazee wale wote, kila mmoja na maumivu yake ya magoti na mgongo, wakaenda kwa farasi kabla hata ya kunywa kahawa.

Kwetu Kondoa farasi tulimjua kwa masimulizi. Mwezi Aprili 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini, chini ya Jenerali van Deventer, waliingia Kondoa Irangi kuwatoa Wajerumani. Mvua za masika zikawakatia njia nyuma yao, na farasi wakafa kwa mamia, kwa mbung'o na kwa ule ugonjwa wa farasi usio na dawa. Bibi yangu alikuwa akisimulia alichosikia kwa baba yake, kwamba watu walibadili njia ya kwenda shambani kwa sababu ya harufu. Nilipowekewa kamba ya farasi mkononi asubuhi ile, jike la kahawia lenye nywele nyeusi za shingoni, ndiyo habari iliyonijia.

Punda alikuwa amenifundisha ya kutosha. Mguu nilijua namna ya kuuomba, kwa kushusha kiganja taratibu kutoka begani mpaka kwenye kifundo, na mnyama akanipa. Nikakwangua udongo kwenye kwato kwa kulabu, nikampiga brashi kufuata manyoya. Kisha Mzee akaja kunionyesha kutandika.

Tandiko lao linaitwa McClellan, na nilipoliona niliona limevunjika: katikati, kutoka mbele mpaka nyuma, limeacha uwazi wa kupitisha kidole gumba, na mwanga unaonekana upande wa pili. Uwazi ule umewekwa makusudi. Uti wa mgongo wa farasi unapita chini yake bila kuguswa, hewa inaingia, na uzito wa mtu unalalia misuli ya pande mbili. Askari ndiye anayekaa vibaya. Chini ya tandiko linawekwa blanketi la sufu lililokunjwa tabaka sita, na Mzee aliingiza mkono wake wote kati ya blanketi na mgongo, akapitisha kiganja polepole mpaka mwisho, macho amefumba. Akasimama. Akarudi nyuma kidogo. Kulikuwa na jani moja la nyasi kavu, dogo kuliko njiti ya kiberiti.

"Kilomita hamsini na hili," alisema, "jioni ana kidonda. Kesho hapandiki. Kesho kutwa wewe unatembea jangwani."

Akatoa kila kitu, tukaanza upya.

Watu walifika saa nne. Yaliyofuata ndiyo yanayopigwa picha: gwaride, vitara vikimeta, farasi wakipigwa shoti uwanjani, bunduki zinazolia baruti tupu na watoto wakiziba masikio. Yalipendeza, na sina zaidi la kusema juu yake. Jambo lenyewe lilikuja baadaye, kwenye kivuli cha bweni, wageni walipokaa kwenye mabenchi na Mzee akasimama mbele yao na kikombe cha bati.

Aliwasimulia Julai ya 1877. Kapteni Nicholas Nolan aliondoka hapo hapo Fort Concho na askari wa Kampuni A, wakajiunga na wawindaji wa nyati kuwafuatia Wakomanche, moja ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wamechukua farasi. Uwanda ule wa Llano Estacado ni tambarare isiyo na mti wala jiwe la kukuongoza, na mwaka ule ulikuwa wa ukame. Nyayo zikapotea. Maji yakaisha. Walikaa saa 86 bila maji. Ulimi ulivimba mdomoni, chakula hakimezeki. Walikunywa mkojo wao na wa farasi, na farasi walipoanguka waliwakata wakanywa damu, ikiganda wakati wanaimeza. Askari wanne walikufa na mwindaji mmoja. Waliojitenga kutafuta maji kwa akili yao, wapo waliofikishwa mahakama ya kijeshi kwa utoro.

Alipofika hapo akakigeuza kikombe chini juu, kikavu, akakiweka mezani. Watoto waliokuwa wakichezea chupa zao za maji waliacha.

Mama mmoja wa makamo akainua mkono. Alisema yeye ni Mkomanche, amekuja kutoka Oklahoma na wajukuu wake. "Unasimulia vizuri," alisema. "Lakini waliokuwa wanafuatwa walikuwa babu zangu. Watoto hawa watarudi nyumbani wanajua kwamba askari walikuwa na kiu. Na sisi je?"

Nimeona watu wengi wakiulizwa swali la namna hiyo wakaanza kujitetea. Mzee alivua kofia. "Mama," alisema, "watu wamekaa na mimi nimechoka kusimama. Ukipenda, njoo uwaambie wewe."

Akaja. Hakuinua sauti. Alieleza Septemba ya 1874, korongo la Palo Duro, Kanali Mackenzie na Rejimenti ya 4, ambayo askari wake walikuwa Weupe. Waliopigwa risasi korongoni hawakuwa wengi. Mackenzie alichoma mahema na chakula cha msimu wa baridi, kisha akaamuru farasi waliotekwa wapigwe risasi, zaidi ya elfu moja. Baada ya hapo watu wa mama yule walitembea kwa miguu. Mwezi Juni 1875 Quanah Parker, kiongozi wa Wakomanche, alilazimika kuwaleta watu wake kwenye ngome ya Fort Sill na kujisalimisha.

Asubuhi ile nilikuwa nimemhudumia farasi mmoja. Mikono yangu ilikuwa bado inanuka jasho lake. Elfu moja sikuweza kuwaingiza akilini, ila nilielewa kwa nini mama yule alianzia kwa farasi.

Alipomaliza, Mzee aliongeza neno ambalo hakuna aliyemuuliza. Mawe ya Fort Sill, alisema, yaliwekwa na askari wa Rejimenti ya 10, na ndiko Wakomanche walikofungiwa. "Watu waliotoka kwenye minyororo juzi," alisema, "walipewa koti na dola 13 wakaenda kuwafunga wengine. Mimi nawapenda. Nimewavaa miaka mingi. Na hilo nalo walilifanya."

Nadhani ni hapo nilipoamini kazi ya kikundi kile. Wapo waigizaji wa historia wanaotaka ushujaa peke yake, na wapo wasomi wanaowaona askari wale kama vibaraka, wakamaliza. Wote wawili wanawapunguzia watu wale utu wao. Mtu aliyezaliwa akiwa mali ya mtu, akajifunza kusoma kambini kwa mchungaji wa rejimenti, akapata bunduki, mshahara na jina lake kwenye daftari la serikali, hakuwa na mahali pengi pa kwenda. Hilo haliwafufui waliokufa upande wa pili. Yote mawili yasimuliwe uwanja uleule, na mwenye haki ya kuyasimulia apewe nafasi.

Jioni tulitoa matandiko, tukawanywesha farasi, tukawasugua migongo mpaka ikakauka. Sisi tulikula mwisho.

Njiani Mzee alinieleza jambo ambalo hawakuwahi kuliigiza. Mwanzoni mwa 1881, ndani ya baa mjini San Angelo, mfugaji wa kondoo aitwaye Tom McCarthy alimuua kwa risasi William Watkins, askari wa Rejimenti ya 10 ambaye hakuwa na silaha. Askari wa ngome, Weusi kwa Weupe, walichapisha tangazo kudai haki. Haikuonekana kuja. Usiku mmoja kundi la askari likavuka mto likaimiminia risasi hoteli ya mji. McCarthy alishtakiwa Austin, na baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru.

"Hilo ndilo mnapaswa kulionyesha," nilimwambia.

"Mji ndio unaotualika, mwanangu. Na watoto wanakuja."

"Watoto leo wamesikia habari ya kunywa damu ya farasi."

Alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Akasema tatizo si watoto. Tatizo ni nani atakubali kumwigiza McCarthy, na mtu huyo atakula chakula cha mchana na nani. Nikamwambia asiigizwe, isomwe kesi tu, na tangazo la askari lisomwe lote, na jina la Watkins litajwe kwa sauti pale uwanjani. Akasema gwaride halina nafasi ya kusoma makaratasi. Nikasema basi gwaride lipunguzwe. Tulipofika Bronte kuweka mafuta na kuwachungulia farasi kwenye trela, tulikuwa bado tunabishana.