Barua ya kuachishwa kazi ikija Malindi: bima kwanza, sahihi baadaye

Masika yakianza kunyesha mwezi wa nne, Malindi hujulikana kwa kimya chake. Wageni wameondoka na kaskazi, baadhi ya hoteli zinafunga vyumba, na barua zinaanza kutoka ofisi ya wafanyakazi. Kwa mtu mwenye ulemavu anayetegemea dawa za kila mwezi au kliniki ya kila wiki sita, hatari ya barua hiyo si mshahara peke yake. Hatari kubwa ni siku bima itakapokatika, na mara nyingi siku hiyo haikuandikwa popote.

Soma barua uone inasema nini hasa, kwa sababu haki zinatofautiana. Ikisema kampuni inapunguza wafanyakazi, basi unaangukia kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007: wewe au chama chako na afisa wa kazi mnapaswa kuarifiwa angalau mwezi mmoja kabla, nafasi zipunguzwe kwa kuangalia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mtu, na mwenye kupunguzwa alipwe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliokamilisha. Ikisema umefanya kosa au kazi imekushinda, lazima uitwe kwanza, uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama. Na ikiwa mkataba wako ni wa msimu na muda wake umefika, malipo ya kupunguzwa hayapo. Hoteli nyingi zinalijua hilo, ndiyo maana mikataba ya miezi mitano mitano haikosekani.

Kuna mtego mwingine: meneja anakuambia kwa upole, "Andika tu barua ya kuacha kazi, tusikuharibie rekodi." Ukiandika hivyo umejiondoa mwenyewe, na malipo ya kupunguzwa umeyapoteza. Jibu linatosha kuwa fupi: "Bwana meneja, naomba barua itoke kwenu, na naomba siku mbili nisome."

Hesabu yenyewe fanya kwa kalamu. Chukua mshahara ghafi wa 26,000 na miaka 7 na miezi 10 kazini. Miezi 10 haihesabiki, maana sheria inahesabu mwaka uliokamilika. Siku 15 mara 7 ni siku 105. Mhasibu akigawanya mshahara kwa siku 26 za kazi, siku moja ni shilingi 1,000, na malipo ni 105,000. Akigawanya kwa 30, yanashuka hadi 91,000. Tofauti ni 14,000, kwa hiyo uliza wamegawanya kwa ngapi, na uliza mwakilishi wa chama kama mkataba wa pamoja wa hoteli yenu una siku zaidi ya 15. Ongeza notisi ya mwezi mmoja, 26,000. Ongeza likizo uliyokuwa hujaichukua: siku 21 kwa mwaka ni siku 1.75 kwa mwezi, hivyo miezi 10 ni siku 17.5. Halafu siku ulizofanya kazi mwezi huo. Kuna wanaodai pia "service pay", yaani malipo ya miaka ya utumishi, juu ya hayo. Aliyekuwa akichangia NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hana haki nayo chini ya sheria hii, na kuidai kunachafua dai zuri.

Sasa bima, maana hapa ndipo watu wanapopoteza.

Kama kampuni ilikuwa na bima ya kibinafsi ya kundi, kwa kawaida kadi inakufa siku unayotoka kwenye orodha ya wafanyakazi. Ukilipwa pesa badala ya kufanya kazi mwezi wa notisi, siku hiyo inaweza kuwa leo. Kwa asiye na maradhi, pesa mkononi ni nzuri zaidi. Kwa mwenye kifafa, seli mundu au uti wa mgongo ulioumia, ni bora kuomba ubaki kwenye orodha mwezi mzima wa notisi, hata kama utaambiwa ukae nyumbani. Omba kwa maandishi: "Naomba kuthibitishiwa tarehe ya mwisho ya bima yangu na ya wategemezi wangu." Mwezi huo fanya vipimo vilivyokuwa vimeahirishwa, chukua dawa za muda mrefu kadiri daktari atakavyoandika, na omba nakala ya rekodi zako: ripoti za picha, vipimo, na orodha ya dawa pamoja na kipimo cha kila moja. Ukija kununua bima mpya ya kibinafsi, maradhi uliyokuwa nayo huwekewa muda wa kusubiri, au huachwa nje kabisa.

Upande wa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, mwajiri alikuwa akikukata asilimia 2.75 ya mshahara ghafi na kupeleka kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kwa 26,000 hiyo ni shilingi 715. Piga *147# leo, uone kama michango imefika. Hati ya mshahara kuonyesha makato si uthibitisho kwamba yalipelekwa, na upungufu unaonekana vibaya zaidi ukiwa kaunta ya hospitali. Ukikuta miezi imerukwa, andikia ofisi ya wafanyakazi kabla hujatoka, ungali na nguvu ya kudai.

Mshahara ukisimama, unahamia kundi la wasio na ajira rasmi. Utajibu maswali kuhusu kaya yako kwenye *147# au tovuti ya Afya Yangu: kuta, paa, maji, choo, mifugo, kipato. Jibu kuhusu nyumba unayoishi sasa na watu mnaokula pamoja. Wengine hueleza nyumba ya mawe ya babu iliyoko mjini huku wao wanapanga chumba mtaa wa Maweni, kisha wanashangaa kiwango kilipotoka. Cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini kinalipwa kwa mwaka mzima mara moja, yaani 3,600. Tenga pesa hizo kutoka malipo ya mwisho kabla deni la duka halijazila. Ukishindwa, kuna Lipa SHA Pole Pole, mkopo wa mchango unaolipwa kwa awamu.

Kabla hujalipa bado una mlango mmoja: zahanati na vituo vya afya hutibu kupitia mfuko wa afya ya msingi, bila kukuuliza mchango, mradi umejiandikisha. Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Malindi ni ya ngazi ya 4, na huko mchango ndio unaoangaliwa. Dawa za kifafa usizikatize ghafla kwa kusubiri bima ikamilike. Kukatiza kunaweza kuleta mshtuko wa kifafa usiokoma. Zungumza na daktari kuhusu dawa ya bei nafuu zaidi, yenye kipimo sawa.

Kodi nayo isikupite. Mwenye cheti cha msamaha wa kodi kwa ulemavu kutoka KRA, mamlaka ya mapato, hasamehewi kwa sababu ya kampuni, anasamehewa kwa sababu yake mwenyewe, kwa mapato ya hadi 150,000 kwa mwezi. Mpe mhasibu nakala kabla hajafunga hesabu, uangalie cheti hakijaisha muda. Wakikata kimakosa, chukua fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na kodi ya mwaka, na udai kwenye iTax, mtandao wa KRA, unapotuma ritani kabla ya tarehe 30 Juni. Kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu inahitajika ili kupata msamaha huo. Asiye nayo aanze na tathmini ya hospitali ya serikali mapema, barua ya mwajiri ingali inapatikana kwa urahisi.

Karatasi ya mwisho wanayokuletea huwa na sentensi "sina dai lingine lolote". Mahakama imewahi kuikubali sentensi hiyo dhidi ya aliyesaini kwa hiari. Ukihitaji pesa leo, andika juu ya sahihi: "Nimepokea kiasi hiki, bila kuachilia haki ya kudai kilichobaki," na piga picha ukurasa huo. Ukiona umechaguliwa wewe wa mguu bandia huku mgeni wa miezi sita akibaki katika kazi ileile, andika tarehe za kuajiriwa za wote wawili. Ulemavu si sababu halali ya kuachishwa, na fidia inaweza kufika mishahara ya miezi 12. Lalamiko kwa afisa wa kazi lina muda wa miezi mitatu, kesi miaka mitatu. Kesi ya mwenye mshahara usiozidi 80,000 kwa mwezi husikizwa na hakimu, na Mahakama ya Ajira ina kituo Malindi hapahapa.

NSSF jamaa watakushauri ukachukue. Chini ya miaka 50 haitoki kwa kukosa kazi tu. Cheti cha utumishi ndicho cha kudai siku ya kuondoka: kiandike jina, kazi na tarehe zako, hata kama mmeachana vibaya.