Safu ya katikati katika daftari la baba

Jumanne usiku, juma la pili la Majilio

"Mwalimu, sasa huyo Ahazi ilimsaidia nini?"

Aliyeuliza ni binti wa miaka 14, hukaa benchi la nyuma karibu na dirisha, na kwa kawaida hasemi mpaka aitwe. Tulikuwa kwenye Isaya 7 katika darasa la kipaimara. Nilishawasomea ule mstari wa 14, kwamba bikira atachukua mimba na mtoto ataitwa Imanueli, nikawaambia huu ni unabii wa Bwana Yesu uliotolewa zaidi ya miaka 700 kabla hajazaliwa. Nikageuka niandike ubaoni Mathayo 1:23, panaposema neno hilo lilitimia kwa Yesu, na swali likanikuta nimewapa mgongo. Mfalme Ahazi wa Yuda yuko hatarini, maadui wanamjia, Mungu anampa ishara, halafu ishara yenyewe inafika wakati kila aliyekuwa mjini siku ile ameshakuwa mavumbi. Ishara gani hiyo?

Nikamwambia tutaliongea Jumapili ijayo. Ni kweli tutaliongea, lakini pia sikuwa na jibu.

Leo, watoto wa nyumbani walipolala, nimelitoa kabatini daftari la baba. Ni kauntabuku kubwa, mgongo wake umeshikwa na solatepu iliyogeuka rangi ya chai. Baba alikuwa mwinjilisti kwa muda mrefu wa maisha yake, na daftari hili ndilo alilokwenda nalo mitaani. Kila ukurasa ameupiga mstari wa rula katikati. Kushoto, kwa kalamu ya bluu: Alivyosema nabii. Kulia, kwa nyekundu: Alivyotimiza Bwana. Mika 5:2, na mkabala wake Bethlehemu. Zekaria 9:9, na mkabala wake punda. Zaburi 22:18, na mkabala wake askari wakigawana nguo chini ya msalaba. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimshikia chemli na kumsomea mistari huku yeye anaandika, na nikikosea namba alikuwa ananiambia, "Rudia mwanangu, Neno halibahatishwi." Biblia nimeijulia kwenye safu hizi mbili. Nazipenda mpaka leo.

Ila usiku huu nimeuangalia ule mstari wa rula peke yake. Ni mwembamba mno. Ndani yake ndimo alimopotelea Ahazi, na mji wake wote, na vizazi vyote vilivyosoma maneno haya kabla Mathayo hajashika kalamu.

Nimeisoma sura ya saba taratibu, kama vile sijawahi kuambiwa inahusu nini. Ni kama mwaka 735 kabla ya Kristo. Resini wa Shamu na Peka wa Israeli, ule ufalme wa kaskazini, wameungana wamtoe Ahazi kwenye kiti na kumweka mtu wao, mwana wa Tabeeli. Mioyo ya watu Yerusalemu inatikisika kama miti ya msituni kwenye upepo. Isaya anatumwa akamkute mfalme mahali ambapo sikuwahi kupatilia maanani: mwisho wa mfereji wa birika la juu, njia ya Uwanja wa Dobi. Mji ukizingirwa, kinachoua kwanza ni kiu, na mimi naona mfalme alikwenda kukagua maji. Nabii naye hakwenda peke yake, alimshika mkono mwanawe mdogo, Shear-yashubu, ambaye jina lake maana yake ni mabaki watarudi. Watu wazima wawili wanaongea mambo ya vita kando ya mfereji, na mtoto amesimama katikati anasikiliza.

Neno la kwanza ni usiogope. Wale wafalme wawili, anasema, ni mikia miwili ya vinga vitoavyo moshi. Aliyekulia kwenye mafiga hahitaji kufafanuliwa hapo. Kinga kikishaungua kikabaki mkia, hakiivishi chochote. Kinachoweza ni kukutoa machozi tu. Mama alikuwa anakivuta, anakichomeka kwenye majivu, anaendelea kusonga ugali.

Kisha ishara. Sisi tunaishia mstari wa 14, na kadi za Krismasi nazo zinaishia hapohapo, lakini maneno yanaendelea. Mstari wa 16 unasema kabla mtoto huyo hajajua kukataa mabaya na kuchagua mema, nchi za wafalme wawili unaowachukia zitakuwa zimeachwa. Kumbe ishara ni saa! Kuna mwanamke, kuna mimba, mtoto atazaliwa, atanyonya, ataanza kutembea, na kabla hajapata akili ya kukataa kibaya, hofu yako itakuwa imekwisha. Na ikawa. Mwaka 732 Waashuri waliuteka Dameski na Resini akauawa. Peka naye alipinduliwa na kuuawa.

Kwa hiyo Ahazi alipewa ishara ya maisha yake mwenyewe. Asiyeitumia ni yeye. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 16, kinaeleza alivyotoa fedha na dhahabu ya hekalu akampelekea mfalme wa Ashuru ili aje amwokoe. Hilo ndilo jibu la swali la yule binti, na lilikuwa mistari miwili tu chini ya mahali nilipofungia Biblia.

Ningeweza kulala hapo. Lakini neno bikira limenishika.

Kiebrania kinasema almah. Katika gombo kuu la Isaya lililopatikana mwaka 1947 kwenye pango la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, lenye urefu wa zaidi ya mita 7 na lililoandikwa zaidi ya miaka 100 kabla Bwana hajazaliwa, neno ni hilohilo. Maana yake ni msichana aliyefikia kuolewa. Sisi tungesema mwanamwali, na kwetu pia mtu akisema mwanamwali hatoi cheti cha ubikira, anataja umri na heshima. Mwanzo 24 inamwita Rebeka almah alipokwenda kuteka maji, na sura hiyohiyo inamwita pia betulah, ambalo ndilo neno la kawaida la bikira. Basi Wayahudi wa Alexandria walipoutafsiri Isaya kwa Kigiriki, waliandika parthenos, neno ambalo kwa kawaida ni bikira, ingawa tafsiri hiyohiyo ya Kigiriki inamwita Dina parthenos hata baada ya Shekemu kumnajisi. Mathayo alisoma Kigiriki hicho. Kwa hiyo si kweli kwamba Wakristo ndio waliolichomeka neno hilo, maana lilikuwepo kabla yao. Wala si kweli kwamba Kiebrania peke yake kinamfunga mtu aone bikira pale. Yote mawili nimekuwa nikiyasikia yakisemwa kwa sauti kubwa, kila moja na watu wake.

Mathayo alifikaje basi? Nadhani ufunguo ameutundika sura ya pili, anapoandika kwamba Yesu alipelekwa Misri ili litimie neno la nabii, kutoka Misri nalimwita mwanangu. Fungua Hosea 11. Hosea hatabiri chochote pale, anakumbuka. Anaiongelea Israeli iliyotoka utumwani, na mstari unaofuata unalalamika kwamba mtoto huyo alikwenda kuwatolea Mabaali dhabihu. Mathayo alikuwa Myahudi na aliijua Hosea kuliko mimi. Hakukosea ukurasa. Aliona katika mtoto yule wa Mariamu safari yote ya Israeli ikitembewa upya, na safari hii na mwana asiyepotea. Neno lake la Kigiriki la kutimia ni pleroo, na pleroo kwa asili ni kujaza. Mtungi ulikuwepo, na maji kidogo yalikuwemo, watu wakinywa. Yeye anashuhudia siku uliyojaa.

Hivyo ndivyo ninavyoamini. Mungu alikuwa pamoja na Yerusalemu kwa kipimo cha mtoto mmoja asiyejulikana, na jina la mtoto yule likabaki kubwa kuliko mtoto, likisubiri mwenyewe.

Alhamisi

Bado sijamaliza, maana kuna watu wengine ndani ya ule mstari wa rula, na hao ndio wamenitesa zaidi.

Isaya 53 ni sura ninayoisoma kila Ijumaa Kuu nikilia. Alichubuliwa kwa maovu yetu. Rashi, mwalimu mkubwa wa Wayahudi aliyezaliwa Troyes, Ufaransa, mwaka 1040, aliisoma akasema mtumishi anayeteswa hapo ni Israeli, na wanaosema "sisi" ni mataifa. Nilipokuwa mdogo ningeambiwa huo ni ukaidi. Lakini Isaya mwenyewe, 49:3, anamwita mtumishi huyo Israeli. Na mwaka 1096, Rashi akiwa hai, watu walioshona msalaba kwenye nguo zao wakielekea vita vya Yerusalemu walipitia Worms na Mainz, miji aliyosomea ujanani, wakawachinja Wayahudi pamoja na watoto wao. Nimejaribu kujiweka mahali pake na kusoma kama mwana-kondoo apelekwaye machinjoni. Ningemwona nani?

Mwaka 1263, Barcelona, rabi Moshe ben Nachman aliitwa mbele ya mfalme Jaime wa Aragon ajibu hoja kwamba maandiko ya Wayahudi yenyewe yanamkiri Yesu. Moja ya hoja zake ilikuwa nyepesi kama maji: manabii walisema Masihi akija taifa halitainua upanga juu ya taifa, na tangu siku za Yesu dunia imejaa dhuluma na damu. Baadaye alilazimika kuihama nchi yake, na mwaka 1267 akafika Yerusalemu akiwa mzee. Hoja yake sikuwa nayo katika daftari la baba. Hapakuwa na safu yake.

Ninacholeta mbele yake ni Nazareti. Luka 4: Yesu anapewa chuo, yaani gombo, cha Isaya, anasoma sura ya 61, anafika mwaka wa Bwana uliokubaliwa, anafunga chuo, anaketi. Sentensi haijaisha. Kinachofuata kwa Isaya ni siku ya kisasi cha Mungu wetu, naye hakukisoma. Aliishia katikati ya mstari na kusema leo maandiko haya yametimia. Najua rabi asingetosheka. Mimi naishi hapo, kwenye nusu iliyosomwa, nikiingoja iliyobaki, na nadhani tunaingoja wote wawili.

Jumapili usiku

Nimewasimulia watoto habari za mfereji na vinga. Walicheka kwenye vinga, wanavijua. Binti wa dirishani alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jina la mama wa yule mtoto wa kwanza. Nikamwambia Isaya hakumtaja. Akaandika kitu kwenye daftari lake, sikumwuliza nini.

Niliporudi nimechukua penseli, nikapiga mstari mwingine wa rula katika daftari la baba, kandokando ya ule wake, pakapatikana safu nyembamba katikati. Juu yake nimeandika: Waliosikia kwanza. Kwenye Isaya 7 nimeweka Ahazi, Yerusalemu, hofu ya wafalme wawili. Kwenye Hosea 11 nimeweka Waisraeli wa siku za Hosea, waliokumbushwa walivyotolewa Misri. Mwandiko wangu umefanana na wake kuliko nilivyodhani.

Isaya 53 nimeiacha tupu kwanza. Ndiyo tutakayoisoma wiki ijayo. Nimewapa watoto Matendo 8 wakaisome nyumbani, yule towashi wa Kushi garini mwake, na Filipo akikimbia kando akimuuliza, je, yanakuelea haya unayosoma? Nimewaambia walishike swali la towashi kama lilivyo, nabii huyu anasema habari za nani, zake mwenyewe au za mtu mwingine, na waje nalo darasani.