Roboti ya kufagia kwenye nyumba yenye pilikapilika

Kwetu watu wazima wote tunatoka asubuhi na kurudi jioni, na watoto hula mkate huku wanatembea. Zamu ya kufagia ilikuwa inatukuta tumechoka, uchafu ukawa unasubiri mwisho wa wiki. Ndiyo maana nikanunua roboti ya kufagia, kimashine kinachojiendesha sakafuni na kufyonza vumbi, na nikiulizwa kama ina faida najibu ndiyo, mradi ifanye kazi kila siku.

Kila siku, kwa sababu tangi lake la vumbi ni dogo, kwa nyingi halifiki hata nusu lita, na haivuti kwa nguvu kama mashine kubwa ya kusukuma kwa mkono. Ukiirundikia uchafu wa wiki nzima, tangi linajaa sebule haijaisha. Makombo na vumbi la siku moja inayamudu bila shida. Yangu nimeipangia saa kwenye simu: tukishatoka inaanza, ikimaliza inarudi yenyewe kwenye chaja.

Kazi kubwa ilikuwa kuizoesha nyumba. Brashi yake ya pembeni ikinasa waya wa simu au kamba ya kiatu, inauviringisha mpaka inakwama, na ukirudi jioni unaikuta imezima katikati ya chumba. Basi tukaweka kapu sebuleni, na kabla ya kulala kila mtu anaokota vyake, mpaka mdogo kabisa. Viti vinapandishwa mezani, matamvua ya zulia yanakunjwa kwa chini. Kwangu mimi hili peke yake limeleta nafuu kubwa, maana sasa vitu vinaokotwa bila mtu kugombezwa.

Kabla ya kununua nilichukua rula nikapima uvungu wa kochi na wa vitanda, kwa kuwa roboti nyingi zina kimo cha karibu sentimita 10. Huko uvunguni ndiko iliponifurahisha kuliko kote. Ufagio ulikuwa unaishia ukingoni mwa kitanda; yenyewe inaingia hadi ukutani na kutoka na vumbi la kijivu lililoshikana na nywele.

Roboti za mwanzo, kama Roomba iliyotoka mwaka 2002, zilikuwa zinajigonga na kugeuka, zinarudia palepale na kuruka pengine. Nyingi za siku hizi hupima umbali kwa leza na kuchora ramani ya nyumba. Kama bajeti inabana, punguza kwingine ila ramani usiiache. Kwa ramani naizuia isiende kwenye kona ya nyaya, na baada ya chakula naituma jikoni tu.

Kuna zulia letu jeusi ambalo haikanyagi. Chini roboti ina vihisi vya mwanga vya kuizuia isianguke kwenye ngazi, na rangi nyeusi hairudishi mwanga vizuri, kwa hiyo inadhani hapo pana shimo. Wapo wanaovibandika vihisi hivyo karatasi ili ipite. Sisi tuna ngazi, siwezi kuthubutu.

Mwisho wa wiki navua brashi kuu na kupitisha mkasi kwenye nywele zilizojizungusha. Ncha zake mbili nazikagua zaidi, maana nywele zikijipenyeza huko brashi inaanza kuwa nzito. Kichujio nakigongagonga nje. Kama chako kinaoshwa, kikauke kabisa kabla ya kukirudisha.

Ufagio haujaondoka. Roboti ya duara haifiki ndani ya pembe, na ngazi haipandi. Uji ukimwagika, au mtoto au paka akichafua sakafu, futa kwanza, la sivyo itausambaza uchafu huo nyumba nzima. Na kama vizingiti vyako vinazidi sentimita 2, nyingi zitashindwa kuvuka. Ukiamua kununua, muulize muuzaji kwanza kama brashi, vichujio na betri za aina hiyo zinapatikana, kwa sababu hivyo ndivyo vitakavyochakaa mapema.