Rafu ya 331

Mwaka 2011 nilikuwa karani wa masijala hapa Tanga. Mchana napachika barua kwenye majalada ya watumishi, usiku nasomea shahada Chuo Kikuu Huria. Nilichagua usimamizi wa rasilimali watu kwa sababu isiyo na utukufu wowote: afisa utumishi wetu alikuwa karibu kustaafu, na kile kiti chake nilikuwa nimeshaanza kukipigia hesabu.

Aliyesoma kwa masafa anajua, mwalimu yuko mbali na vitabu viko mbali zaidi. Kazi ya muhula ikaja: jadili jinsi waajiri wa Tanzania wanavyopata wafanyakazi na kuwafanya wasiondoke. Vyanzo visipungue kumi, na vitini havihesabiwi. Hapo kwenye vitini ndipo alipotukata maini. Sisi tuliishi kwa vitini, nakala iliyotolewa kwenye nakala, maneno ya pembeni yameliwa na mashine.

Nilianzia kwenye kafe ya intaneti kule Ngamiani, Barabara ya 12. Makala zilikuwa tele, na vichwa vyake ungesema vimeandikwa kwa ajili yangu. Ukibofya unapewa muhtasari, kisha unaombwa dola thelathini na ushee. Kwa makala moja! Zile zilizofunguka bure zilihusu maduka makubwa ya Marekani na wauguzi wa Uingereza, huku saa ya kafe inakimbia na pesa yangu.

Jumamosi nikashika njia ya Maktaba ya Mkoa, ile iliyojengwa enzi za Waingereza kwa kumbukumbu ya Mfalme George VI. Ndani wanafunzi wa sekondari wamejaa, nusu yao nadhani walifuata feni. Nikaenda moja kwa moja rafu namba 658.3, ya usimamizi wa wafanyakazi, kwa kuwa namba hiyo tulishaambiwa chuoni. Vitabu vilikuwepo, vinene, vya wageni, vina michoro ya duara na mishale: ajiri, fundisha, pima, lipa, kisha mshale unarudi mwanzo. Nikanakili hadi mkono ukauma. Hakuna hata ukurasa uliomjua mtu wa Pongwe, hapa hapa Tanga.

Mkutubi akaja kurudisha vitabu rafuni, mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unasomea utumishi wewe."

"Umejuaje?"

"Hapo hawasimami wengine." Akatazama daftari langu. "Swali linasemaje?"

Nikamsomea. Akaweka vitabu chini.

"Sikiliza. Hizi namba hazikugawa vitabu kwa jambo, zimegawa kwa taaluma. Mfanyakazi akitazamwa na meneja, yuko hapa 658.3. Akitazamwa na mchumi, yuko 331. Akitazamwa na mwanasheria, mtafute 344. Mtu ni yuleyule, wamemkata vipande vitatu. Wewe tangu asubuhi umekaa kwa meneja tu."

Nimesoma mihadhara mingi tangu siku ile, na sijakutana na mwingine ulionisaidia kiasi hicho kwa muda mfupi vile.

Tukaanza na 344. Akachomoa kitabu cha sheria za kazi, lakini hakufungua yaliyomo. Alifungua nyuma ya ukurasa wa jina, kutazama mwaka. "Hiki kitakufundisha Sheria ya Usalama wa Ajira ya 1964. Ilishafutwa. Soma kwa historia, usiseme ndivyo ilivyo leo." Sheria iliyokuwa hai ilikuwa ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, na pembeni yake Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la 2007. Kazini kwetu barua za onyo ziliandikwa kwa kufuata kanuni hizo, nami nilikuwa nazipachika faili kila wiki bila kujiuliza zimetoka wapi.

Lakini utajiri ulikuwa 331, rafu ya chini, ambako inabidi uchuchumae. Hapo nikakuta maandishi juu ya vibarua wa mkonge. Mkonge wenyewe uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na shida ya mashamba haikuwa ardhi, ilikuwa watu. Wenyeji wenye mihogo na minazi yao hawakuona sababu ya kwenda kuchomwa na miba kwa ujira ule. Basi mwaka 1944 wenye mashamba wakawa na ofisi yao ya pamoja ya kuandikisha watu, SILABU, ikawatoa mikoa ya mbali na kuwaleta huku. Ndio hao manamba. Kila mmoja na kipande chake, kadi ya siku thelathini. Siku uliyofanya kazi inatiwa alama, na mshahara hauivi mpaka kadi ijae. Usipokwenda kazini, kadi inakungoja.

Nilikaa chini kabisa, sakafuni. Babu yangu mzaa baba alitoka Songea. Nyumbani habari yake ilikuwa fupi: alikuja na lori. Na hapa mbele yangu kulikuwa na jibu la mwalimu, kutafuta watu na kuwazuia wasiondoke, mambo yote mawili, yamefanyika kilomita chache kutoka nilipokaa, bila duara wala mshale.

Mama akapita tena. "Usisahau kurasa za mwisho," akasema. "Tazama mwandishi mwenyewe alisoma nini, umfuate." Nikafuata. Vyanzo kumi nilivipita, vingine nikaviacha kwa kukosa nafasi.

Kazi ilirudi na B+. Sehemu ya nadharia, niliyoihangaikia kuliko zote, mwalimu aliipitia bila kuweka hata alama. Kwenye ukurasa wa mkonge aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hii ya SILABU umeipata wapi?" Tulipoonana kwenye mitihani aliniuliza tena kwa mdomo, na akatoa karatasi kuandika namba ya rafu.