Kutoka Mifupa ya Anyang hadi Vijiti vya Youli

Treni ya mwendo kasi kutoka Zhengzhou hadi Anyang haikunipa hata muda wa kusinzia. Swali nilikuwa nalo tangu nyumbani Tanga, ambako nimekua nikiona watu wazima wakipigiwa ramli usiku na kuilaani mchana: uaguzi wa Wachina wa kale ni ushirikina, au ni falsafa?

Yinxu, kando ya mto Huan, ndipo yalipokuwa makao ya mwisho ya wafalme wa Shang, ukoo uliotawala China ya kale. Mwaka 1936 shimo moja tu hapo, YH127, lilitoa vipande zaidi ya 17,000 vya magamba na mifupa ya kuagulia. Gamba la tumbo la kobe au mfupa wa bega la ng'ombe ulichimbwa vishimo kwa nyuma, ukatiwa moto, ukapasuka. Mfalme akausoma ufa. Waliwauliza mababu juu ya mvua, vita, hata jino linalouma.

Nilikaa sana kwenye habari za Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, mwanamke aliyeongoza majeshi zaidi ya miaka 3,200 iliyopita. Waliuliza: je, atajifungua salama? Mfalme akasema: akijifungua siku ya ding, heri, siku ya geng, heri kubwa (hayo ni majina ya siku katika kalenda yao). Baada ya siku 31 alijifungua siku ya jiayin. Wakachonga kwenye gamba: si heri, ni msichana.

Mimi ni mama wa mabinti watatu. Neno lile lilinichoma. Hata hivyo, waliuliza, wakangoja, wakarudi kuandika kilichotokea. Kwetu sijaona mpiga ramli akifanya hivyo. Imani yao siiiti falsafa, lakini ile kumbukumbu naiheshimu kwa dhati.

Kesho yake nilikwenda Youli, wilaya ya Tangyin. Wachina husimulia kwamba mfalme wa mwisho wa Shang alimfunga hapo Mfalme Wen, mtawala wa Zhou, naye akiwa kifungoni akayapanga maumbo 64 ya Yijing, kitabu cha kale cha uaguzi. Kila umbo lina mistari sita, mizima au iliyokatika. Nilishtuka: ramli nayo ina maumbo 16, kila moja safu nne za nukta moja au mbili.

Mzee mmoja alinifundisha kuhesabu vijiti vinavyotoa umbo. Vijiti ni 50. Kimoja huwekwa kando, 49 hugawanywa, mara 18 mpaka umbo likamilike. Akanikumbusha Xunzi, mwanafikra wa karne ya 3 kabla ya Kristo, aliyesema mvua ikinyesha baada ya tambiko ni sawa na ikinyesha bila tambiko. Kwa Xunzi, muungwana huona uaguzi kuwa pambo la adabu, watu wa kawaida huona mizimu.

Nilikuwa nimeuliza juu ya kitinda mimba wangu anayetaka kusoma mbali. Likatoka umbo la tano, Xu, Kungoja. Mzee akasoma: mawingu yamepanda mbinguni, muungwana hula na kunywa. Nikamwomba arudie. Hapakuwa na babu wala mzimu katika maneno yale, ila mawingu na mtu anayekula chakula chake akingoja mvua.